Wanaosomea Miji Waletwe Bariadi

Machi 2012 Serikali iliumega Mkoa wa Shinyanga na kuanzisha Mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Bariadi, ambayo hadi wakati huo ilikuwa makao ya wilaya tu, ikalala wilaya ikaamka mkoa. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani humo watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Hesabu hizo viongozi wetu wanazo mezani. Kisichoonekana mezani ni jibu la swali dogo: nani amefundishwa kuutazama mji wa namna hii kwa ukamilifu wake, tangu kibanda cha muuza nguo hadi zizi la mzee ambaye hakuhamia mjini bali mji umemfuata nyumbani kwake?

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya ziwa hili huenda wakauliza mji wa nchi kavu, usio na mwalo wala mtumbwi, unawahusu nini. Unawahusu sana. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa Simiyu wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mradi huo, pamoja na mambo mengine, umekusudiwa kuyachukua maji ya Ziwa Victoria wilayani Busega na kuyafikisha Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Ni kazi ya kupongezwa, na mama aliyezoea kufukua mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo moja hahitaji kuelezwa faida yake.

Lakini maji yanayoingia nyumbani yakiwa safi hutoka yakiwa machafu. Bonde la mto Simiyu lainamia ziwani. Masika yakifika, mto ule hushuka na udongo wa mashamba, dawa za pamba na taka za makazi, ukavitua vyote katika Ghuba ya Speke, ambayo ng'ambo yake ya kaskazini ndiyo Ukerewe. Hivyo maji tunayoyapandisha kwa mashine yatarudi yenyewe, na mvuvi wa dagaa atakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyapokea. Mhandisi wa maji amesomea safari ya kwenda. Safari ya kurudi imegawanywa baina ya bwana afya, ofisa wa mazingira, mpima ardhi na diwani, kila mmoja na jalada lake, na kwa sababu hiyo haina mwenyewe.

Hapa ndipo linapoingia suala la elimu. Zipo nchi zilizokwisha kuona kwamba mji ni kitu kimoja na hauwezi kufahamika kwa kukatwa vipande. Huko Marekani, Chuo cha Bryn Mawr katika jimbo la Pennsylvania kilianzisha mwaka 1971 shahada ya kwanza ya kusomea ukuaji na muundo wa miji, inayomtaka mwanafunzi ashike historia, uchumi, jiografia na ujenzi kwa pamoja. Sisi wenyewe hatukulala. Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam kilianza kufundisha mipango miji katika miaka ya 1970, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma, kilichoundwa kwa Sheria Na. 8 ya 1980, kimefika hadi Mwanza kwa kituo chake cha Kanda ya Ziwa. Walimu tunao. Shaka yetu ni kama mafunzo hayo yanawakutanisha vijana na watu wanaotakiwa kuwapangia.

Tunayo sababu ya kuwa na shaka hiyo, kwani nchi ya Wasukuma imepangiwa mara nyingi na watu wa fani moja moja. Wakoloni walipotaka kuua mbung'o walifyeka misitu, na mbung'o wakapungua kweli; pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na miti ikawa hadithi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976. Nia yake ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu na wananchi. Lakini aliyepima mistari ya nyumba hakumuuliza mfugaji habari za ngitili yake. Ngitili, kwa msomaji wa visiwani asiyeijua, ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Mtu alipohamishwa kwenda kijiji kipya, ngitili ilibaki nyuma bila mlinzi. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiitaja Shinyanga, na Bariadi ikiwa ndani yake, kwa jina la jangwa.

Lililofuata linafaa kuwekwa katika kila chumba cha mihadhara. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mabwana misitu walikwenda na miche, kama ada ya mabwana misitu ilivyo. Wananchi nao wakawakumbusha jambo wasilolisoma: kwamba ardhi ikiachwa na kulindwa, miti huota yenyewe, na kwamba walinzi wapo, sungusungu na dagashida, yaani mkutano wa wazee wa jadi. Ngitili zikarejea, na inakadiriwa kuwa zilifikia zaidi ya hekta 300,000 kabla mradi haujamalizika mwaka 2004. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Je, hiyo ilikuwa elimu ya misitu, ya sheria, ya historia au ya utawala? Hatuwezi kuitenganisha, wala waliofanya kazi ile hawakuitenganisha.

Leo hatari imegeuka sura. Mji unapopanuka hukimeza kijiji, na kijiji kikimezwa serikali yake hufutika ukazaliwa mtaa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mtaa hauna mamlaka hayo. Shamba lililolisha ukoo mzima hupimwa likawa viwanja. Mwenye shamba hubakia na viwanja viwili vitatu, akauza kimoja amsomeshe mtoto, akauza cha pili agharimie ugonjwa. Hatusemi kwamba upimaji ni dhuluma. Mji usiopimwa huwaumiza watu vibaya zaidi, na Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapoiacha ile ya Mwanza na Musoma, yatosha kumwonyesha mpita njia jinsi biashara inavyoweza kumtangulia mpima ardhi. Tunachosema ni kwamba ramani haimwonyeshi mtu anayeuza kiwanja cha mwisho, na kijana aliyefundishwa ramani peke yake hatamwona.

Nafasi ya kurekebisha hali hii imekuja, nayo imekuja karibu. Chini ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi ulioanza mwaka 2021, mikoa iliyokuwa nyuma kwa vyuo ilipangiwa kampasi mpya. Simiyu imepangiwa kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Kampasi ya Chuo Kikuu Ardhi imepangwa Sengerema, mkoani Mwanza, ambako tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu hafungwi tena na ratiba ya kivuko. Ndiyo kusema kwamba wanaosomea fedha watakuwa kwenye mji unaokua, na wanaosomea miji watakuwa upande wa pili wa ghuba. Yafaa wizara inayohusika iwakutanishe. Msomi wa fedha asiyejua mji hukusanya ushuru wa soko bila kujiuliza choo cha soko kiko wapi; msomi wa miji asiyejua fedha huchora bustani isiyo na bajeti ya kufyekwa. Makosa yote mawili tumeyaona katika miji yetu.

Tunapendekeza shahada moja ya miji na jamii, itakayofundishwa na kampasi hizo mbili kwa ushirikiano, na ndani yake mwaka mmoja kamili wa kukaa na watu. Hatukusudii ziara ya basi la kukodi na chakula cha mchana. Mwanafunzi akae Bariadi au Itilima, aione mvua na kiangazi, aelewe kwa nini mama anafuga mbuzi kiwanjani ingawa sheria ndogo zinakataza. Akae pia Ukara, kisiwa ambacho watu wake waliojaa tele wamelima kwa samadi vizazi na vizazi bila kuliacha shamba lipumzike, maana hakuna pa kwenda. Visiwa vina ujuzi wa kuishi kwa kubanana ambao miji ya bara sasa inautafuta kwa taabu.

Tunajua swali la viongozi: kijana huyo ataajiriwa na nani? Jibu liko mikononi mwao. Miundo ya utumishi inatambua mpima, mchumi na ofisa maendeleo ya jamii. Haimtambui mtu wa kuwaunganisha. Kabla mwanafunzi wa kwanza hajasajiliwa, Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi na ile ya TAMISEMI hazina budi kukubaliana atakaa kiti gani katika halmashauri, na kwa mshahara gani, la sivyo tutamfunza kijana miaka mitatu kisha tumtume kusahihisha mahudhurio ya watumishi wenzake.

Zoezi la kwanza lingeweza kuwa jepesi. Wanafunzi waifuate ndoo moja ya maji kutoka Busega hadi jikoni Bariadi, kisha wayafuate maji hayo yakimwagwa, mfereji kwa mfereji, hadi Ghuba ya Speke. Wakimaliza wavuke hadi Nansio, wawasomee wavuvi yale waliyoyaandika, kwa Kiswahili, na kuyapokea masahihisho yao.