Mahaba Hayakimbii Hesabu

Yapo madai yaliyokwisha kuota mizizi katika baraza zetu za ushairi: kwamba mahaba ni ya moyo na hesabu ni ya dukani, na kwamba mshairi achanganyaye viwili hivyo hana la kumwambia mpenzi wake. Akitaja waridi, asumini au mwezi mpevu, husifiwa. Akitaja nusu, baki au sifuri, huambiwa kakausha shairi. Nayapinga madai haya, na nayapinga kwa hoja za pwani kabla sijaupanda mlima.

Anayesema hesabu ni mgeni katika ushairi wetu, na aeleze mizani ni nini. Katika shairi la mishororo minne lenye mizani kumi na sita kila mshororo, mtunzi hupima silabi sitini na nne, wala hairuhusiwi moja kuzidi. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vipimo hivyo vilikuwa miongoni mwa sheria zenyewe. Basi hatukatai hesabu. Tunaikubali ibebe shairi mgongoni, tunaikataza kuingia sebuleni.

Na katika mahaba je? Wazee wetu wa falaki walipoulizwa kama vijana wawili wataelewana, walitwaa jina la mtu na la mama yake, wakageuza herufi kuwa tarakimu kwa abjadi, wakajumlisha, wakaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na baki ikawa ndiyo nyota. Kuamini au kutoamini ni shauri la mtu. Ninachosema ni kwamba neno baki lilitetemesha nyoyo za wachumba kabla ya shule kutufundisha kugawanya. Kwa abjadi hiyo hiyo, hubb, yaani penzi, ni hee nane na bee mbili: kumi kamili.

Omar Khayyam, ambaye Shaaban Robert alitutafsiria mashairi yake, aliandika pia kitabu cha aljebra. John Donne wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1631, alizifananisha nafsi mbili za wapendanao na miguu miwili ya bikari. Hakuna aliyemwita mmoja wao mkavu.

Sasa tupande hadi Moshi. Ubeti huu nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya hoja hii, nisije nikamsingizia mtu. Msemaji yu mjini, mpenzi wake yu juu miteremkoni:

Kati yetu gawa njia, nusu yake nusu tena,
Kila nikikaribia, baki ndogo naiona,
Sifuri sijafikia, ingawa twatazamana,
Kibo na Mawenzi pia, jirani wasogusana.

Msomaji wa haraka atasema: hili ni shairi la kukata tamaa, mpenzi hafiki. Tafsiri hiyo ndiyo ninayoishtaki, kwa kuwa msomaji ameyasikia maneno akakataa kuhesabu. Tuseme njia ni kilometa 32. Nusu ya kwanza imebakiza 16, ya pili 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Nusu ikikatwa mara kumi na tano, baki haifiki meta moja. Ni kweli kwamba baki haimaliziki katika hatua yoyote utakayoitaja. Lakini jumlisha nusu, robo, thumuni na wenzake bila ukomo: jumla yake ni moja, wala si pungufu ya moja. Msemaji analalamika kwa kuwa anahesabu kilichobaki. Angehesabu alichokwisha kukitembea, angeuona ukamilifu. Huzuni yake imo katika kuchagua hesabu ipi aifanye, na siri hiyo huwezi kuipata kwa kuugua na kutikisa kichwa.

Mshororo wa mwisho unazidi kuifunga fumba. Kibo ina meta 5,895 na Mawenzi 5,149. Tofauti yao ni 746, na tandiko pana limewatenga. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikwenda mara kwa mara kuomba moto kwa Kibo, hata Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka. Basi ujirani uliotajwa una makovu: aliyekaribia sana alipigwa. Lakini shuka chini hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa, uniulize mlima wa Kibo unakoma wapi na wa Mawenzi unaanzia wapi. Vileleni ni wawili, chini ni mmoja. Mwenye hesabu bila ngano atapata nusu ya ubeti, na mwenye ngano bila hesabu atapata nusu nyingine.

Sitetei kila shairi lenye tarakimu. Yako mengi yaliyobandikwa alama za kujumlisha kama vibandiko vya gari. Kipimo changu ni hiki: ondoa hesabu, ikiwa maana haikufa, hesabu ilikuwa pambo.

Kwa nini niyakazanie haya? Kwa sababu tumewagawa watoto. Kwa miaka mingi, aliyechagua Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha tano aliagana na fasihi, na wa Historia, Kiswahili na Kiingereza akaagana na hesabu, kila mmoja akiambiwa nyumba ya pili si yake. Mkumbukeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, aliuliza akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makala juu ya jambo hilo, na wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, juu ya Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Wanasayansi wangali wakilibishania, na linaitwa kwa jina lake. Aliyechekwa alikuwa ametazama vizuri kuliko waliomcheka.

Kijana wa Moshi aliyejifunza sehemu na mfuatano, akapenda, atampendea mwenziwe kwa lugha gani ikiwa si ile inayomkaa kichwani? Tukimlazimisha kuimba asumini asiyopata kuinusa, tutapata vina safi na uongo mtupu. Enyi walinzi wa mizani, kabla hamjamhukumu, hesabuni kwanza.