Mafua Makali Nyanda za Karatu

Mafua makali huanza ghafla. Mtu aliyeamka mzima akaenda shambani huweza kurudi jioni hajiwezi: homa na kutetemeka, kichwa na viungo vinauma, koo linawasha, kikohozi kikavu. Mafua ya kawaida huja taratibu, kwa chafya na kamasi, na mara nyingi hayamlazi mtu. Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya maambukizi, lakini mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla ya kujihisi vibaya, na huendelea kwa siku 5 hadi 7.

Karatu, kila homa husingiziwa malaria. Upande wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, dhana hiyo ina msingi. Juu kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, baridi hupunguza mbu. Kipimo cha haraka hukata ubishi. Kumeza dawa ya malaria bila kupima, au kununua amoksilini "ya kifua" dukani, ni hasara tupu, kwani antibiotiki haziui virusi.

Umbali na miji mikubwa si kinga. Mwaka 2009 virusi vya mafua makali aina ya H1N1 viliingia Tanzania mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha vikazuka Mbulu, wilaya jirani. Barabara ya Makuyuni hupitisha watalii mwaka mzima, na Desemba hupitisha pia wana wa Karatu wanaotoka Ulaya na Marekani, ambako msimu wa mafua huwa umeshaanza. Anayesafiri achanjwe angalau wiki 2 kabla, maana kinga huchukua muda huo kujengeka. Bibi anayempokea kwa kawaida hajachanjwa. Mwenye homa aahirishe safari, hata kama tiketi inauma.

Nyumbani, mgonjwa alale peke yake inapowezekana, akohoe kwenye kiwiko, na dirisha liachwe wazi. Nyumba ya boma yenye moshi na watu wengi huambukiza upesi. Maji ya kunawa kabla ya ugali yaambatane na sabuni. Mtoto apewe parasetamoli, kamwe si aspirini.

Wazee, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wenye pumu au VVU wasisubiri. Kupumua kwa shida, mtoto kukataa kunyonya, au homa iliyoshuka kisha ikarudi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa mfano ya Karatu mjini.