Timu za vyuo za zamani zilikaa pamoja kwa kamba

Binamu yangu anaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Alichukuliwa kambini katika ule mpango wa kuwahamishia Marekani wakimbizi wa mwaka 1972, wakati sisi wengine tukifunga virago kurudi Burundi. Huko aliko Kiswahili kinasikika madukani na shuleni, maana Wakongomani ni wengi mjini humo, na mpira wa kikapu wa chuo kikuu chao unafuatwa kama sisi tunavyofuata soka la Ulaya. Kila Machi, mashindano ya vyuo yanapoanza, hunipigia simu usiku wa manane bila kujali kwamba asubuhi nina vipindi.

Malalamiko yake ni yaleyale. "Mwalimu," huniambia, "siku hizi hakuna timu. Kuna watu waliovaa jezi moja. Zamani vijana walikaa chuo kimoja miaka minne, wakajuana, wakafa pamoja uwanjani. Leo unamshangilia mtu Machi, Aprili yuko kwa jirani."

Nimemjibu kwenye simu mara nyingi mpaka salio likaisha. Leo namjibu gazetini, kwa sababu maneno kama hayo nayasikia hapa kwetu pia, kwa watu waliorudi kama mimi, kila wanapokaa kusifia maisha ya kambini: kule tulikuwa wamoja, kule tulipendana, huku kila mtu na lake.

Kwanza nimpe binamu haki yake. Chuo cha UCLA cha Los Angeles, chini ya kocha John Wooden, kilitwaa ubingwa wa taifa mara 10 katika miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975, na mara saba kati ya hizo zilifuatana. Kilishinda michezo 88 mfululizo kabla ya Notre Dame kukifunga 71-70 Januari 1974. Msimu wa 1971-72 kiliwashinda wapinzani kwa wastani wa zaidi ya pointi 30 kila mchezo. Katika fainali ya 1973 kijana wao Bill Walton alirusha mpira kikapuni mara 22, ukaingia mara 21. Indiana nayo ilimaliza msimu wa 1976 ikiwa bingwa bila kufungwa hata mara moja, na timu za wanaume zilizokuja baadaye zimeshindwa kuifikia rekodi hiyo. Zimejaribu. UNLV ilifika nusu fainali ya 1991 ikiwa imeshinda michezo yote 34, Duke ikaitoa 79-77. Kentucky ya binamu yangu ilifika nusu fainali ya 2015 ikiwa imeshinda 38, Wisconsin ikaitoa 71-64. Usiku ule simu yangu haikulia.

Lakini mizani lazima iwe sawa pande zote mbili. Kabla ya 1975 kila ligi ilipeleka timu moja tu kwenye mashindano ya taifa, na UCLA ilihitaji kushinda michezo minne kuwa bingwa. Tangu 1985, timu zilipofanywa 64, bingwa anahitaji ushindi wa michezo sita, na ukikosea mara moja unarudi nyumbani. Katika hali hiyo Connecticut ilichukua ubingwa wa 2023 na wa 2024, michezo 12, yote kwa tofauti ya pointi 10 au zaidi. Mimi naiweka timu hiyo jirani kabisa na zile za Wooden. Binamu hataki kusikia.

Tena mchezo wenyewe si uleule. Mpaka katikati ya miaka ya themanini hapakuwa na saa ya kumlazimisha mtu arushe. Machi 1982 North Carolina, ambayo ndani yake alikuwemo Michael Jordan, iliushika mpira dakika nyingi bila kushambulia, ikaifunga Virginia 47-45. Hiyo ilikuwa fainali ya ligi yao! Ningekuwa nimelipa kiingilio ningedai fedha yangu. Saa ya sekunde 45 ikaja msimu wa 1985-86, mstari wa pointi tatu ukafuata msimu uliofuata, na tangu 2015 wana sekunde 30 tu. Ukiwaleta leo vijana wa Walton, kipindi cha kwanza watashangaa kumwona mtu wa mita mbili na nusu futi anarusha kutoka mbali kama anatupa embe. Halafu watazoea, maana walifundishwa vizuri. Nani angeshinda? Mabishano hayo ni mazuri kwa chai, hayana mwisho.

Linalonigusa mimi ni lile la kukaa pamoja.

Timu hizo za zamani nilizijulia kambini, mkoa wa Kigoma, miaka ya tisini. Mfanyakazi mmoja wa misaada, Mmarekani, alikuwa na kanda za video, na jenereta ikipata mafuta alituwekea. Kanda tuliyoipenda ilikuwa fainali ya 1983. Houston walikuwa na Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos, na sisi wote tulikuwa upande wake kwa sababu alikuwa Mwafrika. North Carolina State wakawafunga 54-52 katika sekunde ya mwisho. Tuliitazama kanda ile sijui mara ngapi, na kila mara kuna mtu aliyetumaini kwamba safari hii mambo yatakuwa mengine.

Na sisi tulikuwa na timu yetu. Kikapu chetu kilikuwa ringi ya baiskeli iliyopigiliwa mtini, pana kuliko inavyoruhusiwa, ndiyo maana sote tulijiona hodari. Tulicheza watu walewale miaka minne. Nilimjua mwenzangu atakapokimbilia kwa jinsi alivyovuta pumzi. Wageni wakituona walisema, angalia umoja wa hawa vijana. Mwaka mmoja tukaalikwa kucheza na shule ya mjini. Kutoka kambini kulihitaji kibali, tukaomba mapema. Kibali kilifika siku mbili baada ya mchezo, kimegongwa muhuri vizuri kabisa.

Ndipo nilipoelewa umoja wetu ulikuwa kitu gani. Tulipendana, sikatai. Lakini tulikaa pamoja miaka minne kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

Sasa turudi Marekani tuangalie kamba iliyozifunga timu anazozililia binamu. Mpaka 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, aliingia UCLA 1965. Novemba ile yeye na wenzake wa mwaka wa kwanza waliifunga timu kubwa ya chuo hichohicho, bingwa wa taifa, 75-60. Kisha wakarudi kukaa msimu mzima nje ya timu hiyo. Alipofunguliwa akachukua ubingwa mara tatu, akapoteza michezo miwili tu katika misimu mitatu. Ukitaka kuhama chuo, ulikaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu 1973 ufadhili wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kocha asiporidhika ungeweza usifanywe upya. Kocha mwenyewe lakini akiitwa kwingine kwa mshahara mnono, alihama kesho yake.

Na fedha? Mwaka 2010 haki za kuonyesha mashindano hayo kwenye televisheni ziliuzwa kwa dola bilioni 10.8, kwa miaka 14. Mchezaji aliyewafanya watu wawashe televisheni alipata karo, chakula na kitanda. Akiuza hata saini yake mwenyewe aliadhibiwa. Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa jambo hili kuliko sisi walimu. Mbeba magunia anayeambiwa "sisi hapa ni familia" siku ya malipo anajua kinachofuata.

Kamba hiyo ilianza kukatika 2021. Julai mwaka huo wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Kuanzia 2024 wanaweza kuhama kila mwaka, wakiwa wamefaulu masomo. Na tangu Julai 2025, baada ya kesi ndefu, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, kwa mwaka wa kwanza hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa michezo yote. Binamu anaita soko. Ni soko, ndiyo. Lilikuwa soko hata zamani, ila muuzaji alikuwa mmoja.

Sisemi hakuna kilichopotea. Machi 2022 chuo kidogo cha Saint Peter's, cha Jersey City, kiliifunga Kentucky 85-79 katika muda wa nyongeza, kikaendelea mpaka robo fainali, mahali ambapo timu iliyopangwa nafasi ya 15 haikuwahi kufika. Siku chache baadaye kocha akahamia chuo kingine. Wachezaji nao wakatawanyika, pamoja na mapacha wawili kutoka Mali. Timu ile ambayo nchi nzima ilikuwa imeipenda ilidumu mwezi mmoja. Hapo binamu ana haki ya kuhuzunika, ingawa yeye siku ile alihuzunika kwa sababu nyingine.

Maana katika mchezo huo Kentucky walikuwa na Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, aliyefunga pointi 30 na kunyaka mipira 16 iliyogonga ubao, na bado wakafungwa. Alikuwa ndiye mchezaji bora wa vyuo wa mwaka ule. Huyu alikuwa amehamia hapo kutoka West Virginia, yaani ni mmoja wa hao wahamaji ambao binamu anawalaani. Baada ya kipigo kile alikuwa huru kuondoka. Akabaki, akacheza msimu mwingine. Binamu alimshangilia kwa Kiswahili miaka miwili, na sijamsikia akilalamika kwamba alitoka kwingine.

Kwa Tshiebwe kuna jambo ambalo wazazi wa huku hawaambiwi. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo amebanwa kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo hizo fedha za matangazo ambazo mwenzake Mmarekani anazipata kirahisi, yeye anazitazama tu. Agosti 2022 Kentucky walikwenda kucheza Bahamas, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndiko Tshiebwe alikofanya kazi zake za kulipwa. Enyi wa mpakani, mmeisikia hiyo? Kavuka mpaka ndipo akauza.

Mlinganishe na Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alikwenda Georgetown 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, kocha John Thompson akamwona, na alipoondoka 1991 alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia. Mwaka 2007 alifungua hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mama yake. Sisemi shahada ndiyo iliyojenga hospitali, fedha zilitoka NBA. Nasema alipewa miaka ya kukomaa, na alipofariki 2024 watu walimzungumzia kama mtu mzima mwenye mambo mengi. Khaman Maluach, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia Uganda akiwa mkimbizi kama tulivyokuwa sisi, alikaa Duke msimu mmoja, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi kwenda NBA. Ningekuwa baba yake ningemwambia nenda, mwanangu, usigeuke nyuma. Lakini hao ni wawili watatu. Mimi nafundisha wale ambao hawatachaguliwa wa kumi.

Mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese na ndagala pale Mugina ana mtoto katika shule yangu. Ana miaka 16 na mita mbili kamili. Muda si mrefu alikuja kuniona na karatasi mkononi. Kuna mtu anayejiita wakala amemwahidi shule ya Marekani, kisha chuo, kisha fedha nyingi, na anataka malipo ya kuandaa hati. Pasipoti ya kijana atakaa nayo yeye, "kwa usalama".

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe ulisomea ugenini. Nimpe?"

Sikumwambia asimpe mtoto ruhusa ya kwenda. Mimi, wa kibali kilichofika siku mbili baadaye, siwezi kumfungia mtu mlango. Tukakaa chini tukaandika maswali kwenye daftari: shule hiyo inaitwaje, anaingia darasa la ngapi, kocha akihama nani analipa karo, viza ni ya aina gani na inamruhusu kulipwa nini, na kwa nini pasipoti isikae mfukoni mwa mwenyewe. Nilidhani tumemaliza. Mama akaichukua kalamu akaongeza la kwake: akivunjika goti, nani anamrudisha nyumbani?

Wakala alisema atapiga simu. Mpaka naandika haya hajapiga. Kijana anakuja mazoezini saa kumi kila siku. Ringi yetu siku hizi ni ya kipimo halali, na mitupo huru anakosa mingi mno.