Waifai ya nyumbani Kyela: pima kwanza, nunua baadaye

Mfanyabiashara wa mpunga wa Kyela hanunui gunia bila kulipima. Mtu huyo huyo akiingia katika duka la vifaa vya kompyuta, iwe Kyela mjini, Mbeya au Kariakoo, mizani huiacha nyumbani. Akiambiwa kwamba kompyuta yake mpakato ni nzito kwenye mtandao kwa sababu imezeeka, anaamini na kufungua pochi. Huo ni ununuzi wa kubahatisha, na wakati umefika wa kuuacha.

Suala hili si la anasa. Kakao ya Kyela huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na anayechelewa kupata habari za bei huchelewa kuamua. Mawakala wa forodha katika mpaka wa Kasumulu hushughulikia nyaraka za mizigo ya Malawi kwa kompyuta. Mwenye duka Ipinda ana ritani za kodi za kutuma, na mwenye nyumba ya wageni Matema ana wageni wanaouliza nafasi kwa mtandao. Ukurasa ukikawia kufunguka, lori linasubiri au mgeni anakwenda kwa jirani. Zote hizo ni gharama, hata kama haziandikwi katika daftari.

Ni kweli kwamba mashine ya zamani inaweza kuwa chanzo. Kompyuta nyingi za mitumba zina kadi ya waifai ya daraja la N, lililopitishwa mwaka 2009. Zile za bei nafuu mara nyingi zina antena moja na husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Kadi ya namna hiyo, katika njia ya kawaida, ina kiwango cha juu cha megabiti 72 kwa sekunde, na kazi halisi huwa karibu nusu ya hapo. Aidha, masafa hayo yana msongamano, kwani ruta za majirani na vifaa vya Bluetooth vyote hupita humo. Daraja la AC lililofuata mwaka 2013 hutumia gigahezi 5, na kwa antena mbili hufikia megabiti 867. Daraja la AX, maarufu kama Wi-Fi 6, hupita 1,000.

Tarakimu hizo ndizo zinazouza kadi. Lakini muuzaji asichosema ni kwamba zinahusu safari fupi kutoka ruta hadi kompyuta, wala si safari ndefu kutoka mnara hadi ruta. Ikiwa ruta ya 4G inapokea megabiti 12 kutoka mnarani, kadi ya megabiti 1,200 italeta mezani megabiti 12 zile zile. Bomba pana halizalishi maji. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika hadi Kasumulu, lakini mkongo kupita barabarani ni jambo moja, na nyumba kuunganishwa ni jambo jingine.

Kwa hiyo kipimo kije kwanza, nacho hakina gharama kubwa. Mwenye kompyuta aketi karibu na ruta, apime kasi kwa simu ya miaka ya karibuni iliyounganishwa na waifai hiyo hiyo, kisha apime kwa kompyuta mahali pale pale. Simu ikipata 30 na kompyuta 6, kompyuta ndiyo yenye kasoro. Vyote viwili vikipata 6, lawama ni ya laini au kifurushi, na kadi mpya haitasaidia kitu. Vyote vikiwa vizuri karibu na ruta lakini vikadhoofika chumba cha pili, ukuta wa matofali ndio unaozuia. Hapo dawa ni kuhamisha ruta na kuiweka juu, mahali pa wazi. Ikumbukwe pia kwamba gigahezi 5 huzuiwa na kuta kuliko 2.4.

Ikithibitika kwamba kompyuta ndiyo yenye kasoro, nafuu zipo kwa ngazi. Ya kwanza ni waya wa mtandao kutoka ruta hadi kompyuta, pale ambapo vyote viwili vina tundu lake. Haina programu wala fundi, na kwa anayefanya kazi mezani ni biashara nzuri kuliko zote. Ya pili ni kipokezi cha USB cha daraja la AC chenye masafa yote mawili. Huchomekwa kama flashi, na mashine ikifa kinahamia kwenye nyingine. Ya tatu ni kubadili kadi ya ndani. Hii ina mitego: soketi hazifanani, baadhi ya kadi hukubali prosesa maalumu tu, na baadhi ya mashine za zamani hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyo katika orodha ya mtengenezaji. Fundi asiyeuliza aina ya mashine kabla ya kutaja bei hafai kukabidhiwa bisibisi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kipokezi ni sh. 60,000, kompyuta nyingine ya mtumba sh. 600,000, na kilo ya mchele sh. 2,000. Uamuzi unakuwa kati ya kilo 30 na kilo 300. Hakuna mfanyabiashara atakayetoa kilo 300 kwa tatizo la kilo 30 endapo amelipima.

Hata hivyo, kuna mahali pa kusimama. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo, inayotumika kwa benki na kodi, ina tatizo la usalama ambalo kadi haiondoi. Ama iwekewe Linux, ama fedha zitunzwe kwa ajili ya mashine nyingine. Hapo pia kipokezi cha USB kina faida, kwani mwenyewe atahama nacho.

Wauzaji nao wana wajibu. Duka linalokubali kifaa kichomekwe na kupimwa kabla ya malipo litapata wateja wa kudumu. Mnunuzi wa Kyela aliyeagiza kifaa Kariakoo hawezi kusafiri kukirudisha kwa nauli inayozidi bei yake. Basi aende dukani na mashine yake, aombe majaribio, na akinyimwa aondoke. Gunia lisilopimwa halinunuliwi Kyela, na kadi isiyojaribiwa isinunuliwe.