Mkanda wa Bunduki Katika Bonde la Kilombero

Mwezi wa Julai uwadiapo na msimu wa uwindaji kufunguliwa kwa mujibu wa sheria, maji ya mafuriko yakiwa yamekwisha kurudi mtoni na kuziacha mbuga za Kilombero na majani marefu yaanzayo kukauka, wenye vibali vya kuwinda na askari wa wanyamapori wa pande za Ifakara, Malinyi na Mahenge huzitoa bunduki zao katika masanduku ya chuma, wakazipangusa, wakazitia mafuta, wakahesabu risasi moja moja. Lakini mkanda, ambao ndio utakaoichukua silaha hiyo begani tangu alfajiri hata magharibi, aghalabu hauangaliwi na mtu. Nimeona bunduki ya thamani kubwa ikining'inia kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na nyingine kwa kamba ya katani iliyopigwa fundo juu ya fundo. Hiyo ni taksiri, nami naona wajibu kuisema hadharani, kwa kuwa mkanda si pambo la bunduki bali ni sehemu ya usalama wa yule aibebaye, na zaidi wa yule atembeaye mbele yake.

Bonde hili si mahali pa kutembea na silaha kwa uzembe. Ni ardhi oevu iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Ni makao mashuhuri ya sheshe, swala yule wa rangi ya dhahabu apendaye kingo za maji. Ni malisho ya mbogo, tembo na viboko. Na sehemu yake kubwa, iliyokuwa pori tengefu tangu mwaka 1952, ilipandishwa hadhi mwaka 2023 ikawa Pori la Akiba. Mtu aingiapo humo hufuata mapito ya wanyama, membamba, kati ya matete yanayompita kimo, na watu hawana budi kwenda mmoja nyuma ya mwingine, mfuata nyayo akitangulia na mwenye bunduki akimwandama. Basi fikiri uzito wenyewe. Bunduki ya .375, ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka 1912 na ambayo hata leo ni kipimo cha chini kwa mtu amwendeaye mbogo, hufika kilo 4 au kuzidi. Saa ya kwanza mkono huibeba bila ya manung'uniko. Saa ya nne kiganja kimelowa jasho, kidole kimeanza kutafuta pahali pa kupumzikia karibu na kifyatulio, na mdomo wa bunduki, pasipo mwenyewe kutambua, umekwisha kushuka na kumwelekea mgongoni mtu aliye mbele. Mkanda mzuri huiondoa hatari hiyo kwa kuwa huuondoa uchovu unaoizaa.

Mintarafu ya ngozi yenyewe, zilizo sokoni ni za namna mbili kubwa, nazo ni zile zilizotengenezwa kwa chumvi za kromu na zile zilizolowekwa katika maji ya magome ya miti. Ngozi ya kromu hutengenezwa upesi, ni laini, haiogopi sana maji, na kwa viatu na mikoba sina neno dhidi yake. Lakini ukiitundikia uzito kila siku hunyumbuka, na mkanda uliokuwa wa kiasi mwezi wa Julai huwa umerefuka ifikapo Septemba, bunduki ikapigapiga nyonga kwa kila hatua. Ngozi ya magome hutaka majuma mengi, pengine miezi, nayo huanza ikiwa ngumu. Ila ikizoea hushika umbo la bega la mwenyewe, haivutiki ovyo, na ukingo wake ukisuguliwa hung'aa na kufunga. Kuzitambua si kazi kubwa. Tazama mahali ilipokatwa: ya kromu mara nyingi huonyesha katikati rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, ilhali ya magome ni hudhurungi tangu upande huu hata upande wa pili. Kisha, kama haijapakwa rangi, idondoshee tone la maji upande uliokuwa na manyoya; ya magome hulinywa tone lile na kubaki na doa jeusi kwa muda. Mwisho ikunje kwa nguvu, na ikiwa uso wake umepasuka vijistari vidogo vidogo, irudishe kwa muuzaji kwa adabu wala usibishane naye bei.

Tena ngozi ya ng'ombe mmoja si sawa mahali pote. Fundi mwema hukata mkanda mgongoni, sambamba na uti, kwa sababu ngozi ya tumboni ni legevu na hurefuka. Naye huyaepuka makovu ya kupe, mikato ya kisu cha mchinjaji, na zile alama za chuma cha moto ambazo wafugaji wetu huwapiga ng'ombe ubavuni, ambazo kwa hakika huiharibu mali nyingi ya nchi hii kabla haijafika kwa fundi. Nilimtazama fundi viatu mmoja pale sokoni Ifakara akifanya kazi hiyo asubuhi nzima. Alikata ukanda wa upana wa sentimita 3 hivi, akaulowesha ukingo kwa kitambaa, akausugua kwa kipande cha mfupa hata ukawa laini na wa kung'aa; halafu akatoboa matundu kwa msumari alioutia makali, yote kwa umbali mmoja, akaupitisha uzi aliousugua nta kwa sindano mbili zilizopishana katika tundu lile lile, moja ikitoka kulia na moja kushoto. Nilipomwuliza kwa nini asitumie cherehani, alinijibu kwamba uzi wa cherehani ukikatika mahali pamoja, mshono mzima hufumuka, ilhali huu wake ukikatika upande mmoja upande wa pili hushika. Sijasikia hoja iliyo bora kuliko hiyo katika maduka makubwa ya mjini.

Upana huo wa sentimita 3 ndio ninaousifu mimi. Ulio mwembamba zaidi hukata bega, na ulio mpana kupita kiasi hunasa majani. Iko mikanda iletwayo kutoka ng'ambo, iliyonakshiwa simba na maua na kujazwa sponji katikati, nayo hupendeza ikitundikwa ukutani. Lakini sponji hunywa jasho la bega na kulihifadhi, na katika joto la bonde letu huota ukungu upesi. Bizimu na liwe la shaba ya manjano, kwani la chuma hushika kutu, tena liwekewe ulimi wa ngozi chini yake ili lisigonge mbao wala kukwaruza. Jambo hili la sauti si dogo. Sheshe ana mluzi wake wa hofu, na mmoja akiupiga, hakuna mnyama wa jirani atakayekungoja. Na mkanda mkavu uliao kila ukivuta pumzi, au pete ya chuma igongayo chuma mwenzake, hutosha kukuharibia mwendo wa tangu alfajiri.

Yafaa pia mnunuzi azitazame pete zinazoushika mkanda kabla ya kuutazama mkanda. Waundaji wa Kiingereza, katika bunduki zao za risasi nzito, waliiweka pete ya mbele juu ya mtutu wenyewe, mbele ya mbao, kwa kuwa bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, pete iliyo chini ya mbao huweza kuujeruhi mkono wa kushoto. Na pete hizo ziwe za kufunguka kwa vidole, bila ya chombo chochote. Wawindaji wa taaluma, wanapomfuata mbogo aliyejeruhiwa ndani ya matete, wengi wao huuvua mkanda wakautia mfukoni, maana kitanzi kikinasa tete moja tu wakati bunduki inainuliwa, zile nukta mbili zinazopotea haziwezi kukombolewa. Mkanda usiovulika kwa haraka, hata ukiwa wa ngozi ya thamani namna gani, siukubali kwa mbuga hizi.

Wako watakaonijibu kwamba nailoni ni nyepesi, ni rahisi, wala haiozi. Ni kweli, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kuvuka maji kwa mtumbwi kutwa, sitamlaumu akiichagua. Wala mashindano baina ya ngozi na kitambaa si mapya katika nchi hii: askari wa Kijerumani walioishika Mahenge mpaka Oktoba 1917 walikuwa na Mauser za mikanda ya ngozi, na wale wa upande wa Waingereza walichukua Lee-Enfield zenye mikanda iliyofumwa kwa pamba. Lakini nailoni huteleza juu ya shati lililolowa jasho, na mtu ambaye mkanda wake wateleza huushika kwa mkono daima, basi faida ya kuwa na mkanda imepotea. Ngozi hukaa ilipowekwa. Isitoshe, msimu wetu hufunguliwa wakati wa kiangazi, na kwa miezi mingi adui wa mkanda ni jua na vumbi kuliko maji.

Adui wa maji huja baadaye, katika miezi ya mvua, bunduki ikiwa imewekwa. Ngozi ya magome ina uchachu wake wa asili na hushika unyevu. Ikiachwa imekumbatia bunduki ndani ya sanduku, chuma kitapata kutu na shaba itapata uchafu wa kijani. Basi uvue mkanda, upanguse jasho na vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uuache ukauke kivulini, wala si juani wala karibu na moto, kisha uupake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya ng'ombe, kidogo kwa maana halisi, kwani ngozi iliyoshibishwa mafuta hulegea na huwaita panya. Utundike penye hewa.

Na asije mtu akashawishika na mkanda wa ngozi ya mbogo au ya kiboko anaoletewa kwa siri jioni. Hizo ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila ya hati ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Askari wa kulinda wanyama avaaye kitu hicho begani huwa ameivunjia heshima kazi yake mwenyewe.

Ng'ombe tunao, wala hatuna haja ya kuiba porini. Bonde hili limegombania mifugo kwa miaka mingi, hata mwaka 2012 Serikali ikaendesha operesheni ya kuiondoa kwenye ardhi oevu, na katika ugomvi wote huo sikumbuki kusikia sauti iliyouliza ngozi za ng'ombe wanaochinjwa kila siku huenda wapi. Nyingi huuzwa mbichi kwa bei ya kusikitisha au huishia jalalani. Hapo juu Njombe kuna mashamba ya miwati, ambayo kampuni ya TANWAT iliyaanzisha tangu mwaka 1949 kwa ajili ya dawa ya kutengenezea ngozi itokayo katika magome yake; Mwanza kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inayofundisha elimu ya ngozi; SIDO iko tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi; na fundi wa sindano mbili yuko Ifakara, akishona viatu vya watoto wa shule. Mamlaka zinunuazo bunduki kwa askari wa pori na wa vijiji ziandike mkanda katika orodha ya mahitaji yao, kwa jina lake na kwa sifa zake: ngozi ya ng'ombe ya mgongoni, ya magome, upana wa sentimita 3, bizimu la shaba, mshono wa mkono, pete za kufunguka kwa vidole. Halmashauri za Mlimba, Malinyi na Ulanga na mji wa Ifakara zaweza kuanza na oda ndogo msimu huu, kabla Julai haijafika.