Tusiyanyamazishe Maonyo ya Kompaila

Ndugu mnaojifunza kuandika programu, nanyi walimu wenzangu, nina ombi moja: onyo la kompaila tulisome kabla ya kuendelea.

Chukueni Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth aliitoa kule Zürich mwaka 1970 akiwafikiria wanafunzi, na ambayo leo mtu anaweza kuianza bila malipo kwa Free Pascal. Mwanafunzi anaandika programu ya kujumlisha mauzo ya duka. Anatangaza kigeu, anakiita jumla, kisha anaanza kukiongezea bei bila kukipa sifuri kwanza. Kompaila inamtahadharisha kwamba kigeu hicho kinaelekea hakijapewa thamani ya kuanzia. Lakini programu imepita, na jibu huenda likawa sahihi. Nani atahangaika na onyo?

Mtego uko hapo. Kigeu kilichotangazwa kwa ajili ya programu nzima huanza na sifuri. Kilichotangazwa ndani ya prosija hakipewi kitu. Kinakuta masalia yoyote yaliyoachwa kwenye kumbukumbu. Leo sifuri, kesho mamilioni. Heri kosa linaloizuia programu kabisa kuliko hili linalojificha siku ya majaribio likamwumbua mtu mbele ya mteja.

Na wakongwe nao hunaswa. Februari 2014 Apple ilirekebisha kwa haraka programu za iPhone kwa sababu mstari mmoja, goto fail, ulikuwa umeandikwa mara mbili, na hatua muhimu ya kuhakiki usalama wa mawasiliano ikawa haifikiwi kamwe. Kompaila ya Clang ilikuwa na onyo la msimbo usiofikiwa, ila ilibidi uliwashe mwenyewe.

Kwa hiyo anzeni na onyo la juu kabisa, maana moja huzaa mengine. Msipachike sifuri ili tu kompaila inyamaze. Anayetafuta bei ya chini kabisa dukani akianza na sifuri, atajibiwa sifuri kila siku, na safari hii hakuna onyo litakalomwokoa. Aanze na bei ya bidhaa ya kwanza. (Onyo linauliza ulikusudia nini, jibu unalo wewe, mashine haina.)

Maonyo haya huja kwa Kiingereza. Wewe unayeyaelewa, mfafanulie kwa Kiswahili mdogo wako aliyekaa kompyuta ya pili, bila kumcheka.

Nanyi walimu, onyesheni maonyo tangu somo la kwanza kwa kuwasha chaguo la -vw la Free Pascal. Darasa likizoea, ongezeni -Sew, ili programu yenye onyo isipite. Kisha mtengeeni alama kidogo mwanafunzi atakayeeleza, kwa maneno yake, kila onyo lilitokana na nini na amelirekebishaje, hata kama jumla ya mauzo yake bado haijakaa sawa.