Malta, inchi ndogo sawa na Idjwi: namna gani kura ilikaribia kuipasua

Tarehe 19 Desemba 2023, kule New York, inchi 15 za Baraza la Usalama la ONU ziliinua mukono juu ya MONUSCO: iendelee mwaka mumoja tena, lakini ianze kufunga virago kwa awamu, kwa kuanzia Sud-Kivu. Wakaaji wa Bukavu, Uvira, Goma na Beni walifuata ile habari kwenye radio. Wachache waliuliza ile mikono ilikuwa ya nani. Mumoja kati ya ile 15 ulikuwa wa Malta, inchi ya visiwa katika Bahari ya Mediterania, ambayo ukubwa wake ni karibu sawa na wa kisiwa cha Idjwi.

Malta ilikaa kwenye kile kiti miaka miwili, 2023 na 2024, na mwezi wa Aprili 2024 ndiyo iliongoza Baraza. Ni inchi isiyokuwa na dhahabu wala coltan, isiyokuwa hata na muto mumoja wa kudumu. Watu wake wote pamoja ni wachache kuliko wakaaji wa muji wa Goma. Basi ni inchi gani hiyo, watu wake wanaishi vipi, na serikali yao inasimama juu ya nini?

Mawe, jua na maji ya bahari

Malta iko katikati ya Ulaya na Afrika. Ukitoka pale kuelekea kaskazini, kilometa kama 90, unafika Sicilia, kisiwa cha Italia. Kuelekea kusini, pwani ya Libya iko mbali kilometa zaidi ya 300. Inchi nzima ni kilometa za mraba 316. Visiwa vyenye watu ni vitatu: Malta yenyewe, ambayo ndiyo kubwa, Gozo, na Comino ambayo ina watu wachache sana. Hakuna milima ya kweli: mahali pa juu kabisa, karibu na ngazi za mawe za Dingli, hapafiki hata meta 260.

Udongo ni mwembamba, chini yake ni jiwe la chokaa. Jiwe hilo la rangi ya asali ndilo lilijenga makanisa, kuta za vita na nyumba za watu. Mvua inanyesha zaidi wakati wa baridi. Kipindi cha joto kinaweza kupita miezi bila tone. Hakuna ziwa. Maji ya chini ya ardhi yapo, lakini ukiyavuta kupita kiasi, chumvi ya bahari inaingia.

Kwa hiyo, tangu miaka ya 1980, Malta imejenga viwanda vya kuchuja maji ya bahari ili yawe ya kunywa. Leo zaidi ya nusu ya maji ya robine yanatoka baharini. Kazi hiyo inakula umeme mwingi, na umeme nao haupatikani bure: unatoka katika mitambo ya gesi inayonunuliwa inje, na katika kamba kubwa iliyolazwa chini ya bahari mpaka Sicilia, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 2015. Kwa maneno mengine, mutu wa Malta akifungua robine, anategemea meli ya gesi na jirani yake Muitalia. Ile kamba ikipata ajali, inchi nzima inasikia.

Watu wengi, nafasi kidogo

Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta watu 417,432. Ile ya 2021 ilikuta 519,562. Ni kusema, katika miaka kumi tu, watu zaidi ya laki moja waliongezeka katika inchi ambayo haiwezi kuongeza hata hekta moja. Katika Umoja wa Ulaya hakuna inchi ingine ambamo watu wamesongamana hivyo: zaidi ya 1,600 kwa kila kilometa ya mraba.

Sababu si kuzaa. Wanawake wa Malta wanazaa watoto wachache sana. Sababu ni kazi. Utalii, ujenzi, makampuni ya michezo ya bahati kwenye intaneti, hospitali na nyumba za wazee, vyote vinahitaji mikono, na mikono ya wenyeji haitoshi. Mwaka 2021, zaidi ya mutu mumoja kati ya watano hakuwa raia wa Malta. Wanatoka Italia, Uingereza, India, Ufilipino, Nepal na kwingine. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mwenye kulipa nyumba: bei ya kodi imepanda, barabara zimefungwa na magari, na mashine za ujenzi zinalia kila mahali. Mabishano ya siasa ya Malta siku hizi mengi ni juu ya hilo: inchi iendelee kukua kwa kuongeza watu, ao itafute njia ingine?

Kuna pia wale wanaofika bila visa. Malta ilipewa jukumu la kuokoa watu katika eneo la bahari lenye kupita mara mia kadhaa ukubwa wa inchi yenyewe. Boti zinazotoka Libya na vijana wa Sudan, Eritrea, Somalia na inchi zingine za Afrika zinapita mule. Mara nyingi serikali ya Malta imelaumiwa na mashirika ya haki za binadamu kwa kuchelewa kuitikia mwito wa msaada. Serikali inajibu kwamba inchi ndogo haiwezi kubeba muzigo huo peke yake, na kwamba wakubwa wa Ulaya wanapashwa kugawana.

Lugha ambayo musikilizaji wa Kiswahili anaweza kuiguswa

Ukisikiliza radio ya Malta, utashangaa. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu cha Sicilia ya zamani, kisha kikajaa maneno ya Kiitalia na Kiingereza, na kinaandikwa kwa herufi sawa zetu. Ndiyo lugha pekee ya jamii ya Kiarabu na Kiebrania ambayo ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Na kwa sababu Kiswahili nacho kilikopa kwa Waarabu, maneno yanakutana: bahari kwao ni *baħar*, dunia ni *dinja*, kitabu ni *ktieb*, sita ni *sitta*. Hata habari za saa moja jioni wanaziita *aħbarijiet*.

Lugha ya Kiarabu ilibaki, lakini dini ilikuwa ingine. Wamalta wengi sana ni Wakatoliki, na kwa mapokeo yao kisiwa chao ndicho kile ambapo meli ya Paulo ilivunjika, sawa vile Matendo ya Mitume sura ya 28 inasimulia. Kwaresima yenyewe wanaiita *Randan*, neno lililotoka kwa Ramadani.

Kutoka kwa wafalme wa inje mpaka jamhuri

Kwa karne nyingi, Malta ilitawaliwa na wengine, juu ya bandari yake. Wafoinike, Waroma, Waarabu, Wanormani, kisha Mashujaa wa Mutakatifu Yohana kutoka 1530 mpaka 1798. Hao ndio waliojenga muji mukuu, Valletta, tangu 1566, kisha kuzingirwa na Waturuki mwaka uliotangulia. Napoleon aliwafukuza, Waingereza wakamufukuza Napoleon, na walibaki zaidi ya miaka 160.

Uhuru ulipatikana tarehe 21 Septemba 1964, miaka ine kisha ule wa Congo. Mwaka 1974 Malta ikawa jamhuri, na tarehe 31 Machi 1979 askari wa mwisho wa Uingereza wakaondoka. Iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na inatumia euro tangu 2008.

Rais hana nguvu nyingi. Anachaguliwa na bunge kwa miaka 5. Mwenye madaraka ya kweli ni waziri wa kwanza, kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Vyama vikubwa ni viwili tu: Chama cha Kazi na Chama cha Kinasionali. Mutu anazaliwa katika chama sawa vile anazaliwa katika parokia. Familia zinajulikana, hata baa ya kunywea kahawa inajulikana ni ya upande gani.

1981: kura nyingi, viti vichache

Hapo ndipo hatari ilikuwa imejificha. Malta imegawanywa katika majimbo 13 ya uchaguzi, na kila moja linatoa wabunge 5. Muchaguzi anaandika namba: 1 kwa yule anamupenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Kama wa kwanza amekwisha kupata kura za kumutosha, ao ameshindwa kabisa, kura inapita kwa wa pili. Haipotei.

Lakini kuna shimo. Kwa hesabu ya viti 5, chama chenye kupata asilimia 51 katika jimbo kinaweza kuchukua viti 3. Chenye kupata asilimia 64, bado ni viti 3. Zile kura za ziada hazinunui kitu. Basi chama chenye kushinda kidogo-kidogo katika majimbo mengi kinaweza kupita kile chenye kura nyingi katika inchi nzima. Na mwenye kuchora mipaka ya majimbo anaweza kusaidia hayo yatokee.

Ilitokea Desemba 1981. Chama cha Kinasionali kilipata asilimia karibu 51 ya kura, zaidi ya kura 4,000 mbele ya wapinzani wake. Lakini Chama cha Kazi cha Dom Mintoff kilipata viti 34 juu ya 65, na kikabaki kwenye serikali. Sheria haikuvunjwa. Lakini nusu ya inchi ilijisikia imeibiwa. Wabunge wa upinzani walikataa kuingia bungeni zaidi ya mwaka mumoja. Maandamano, mapigano na polisi, mabomu kwenye milango ya nyumba: miaka ile Wamalta wengi hawapendi kuikumbuka. Desemba 1986, kijana mumoja aliuawa kwa risasi ndani ya klabu ya chama cha upinzani. Watu walianza kuogopa kwamba uchaguzi wenye kufuata ungeleta vita ya ndugu kwa ndugu.

Kilichofanyika Januari 1987 ndicho cha kuangalia sana. Miezi michache mbele ya uchaguzi, vyama viwili vilikaa na kubadilisha katiba pamoja. Chama cha Kazi kilipata kitu kilichokitaka: katiba kusema kwamba Malta haifungamani na upande wowote wa kijeshi. Upinzani nao ulipata kitu chake: chama chenye kupita nusu ya kura katika inchi nzima kitaongezewa viti mpaka kiwe na wengi bungeni.

Mwezi wa Mei 1987, mambo yakajirudia vilevile. Chama cha Kinasionali kilipata karibu asilimia 51 ya kura, na viti 31 dhidi ya 34. Safari hii kanuni mupya ikatumika: viti vine vikaongezwa, ikawa 35 kwa 34. Waziri wa kwanza Karmenu Mifsud Bonnici alikabizi madaraka kwa Eddie Fenech Adami. Chama kilichokuwa na polisi, jeshi na televisheni mikononi mwake kilitii sheria ambayo chenyewe kilikuwa kimepigia kura.

Tangu hapo ubishi wa kura umepungua sana. Mwaka 2008 Chama cha Kinasionali kilishinda kwa kura 1,580 tu katika inchi nzima, na hakuna jiwe lililorushwa juu ya serikali.

2017: bomu chini ya gari

Lakini kuhesabu kura vizuri hakutoshi. Tarehe 16 Oktoba 2017, bomu lililotegwa katika gari lilimuua mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia, karibu na nyumba yake kule Bidnija. Alikuwa ameandika kwa miaka juu ya rushwa ya wakubwa, pamoja na makampuni yaliyofichwa Panama na watu wa karibu na waziri wa kwanza. Uchunguzi ulipokaribia ofisi ya waziri wa kwanza mwishoni mwa 2019, watu walijaza barabara za Valletta jioni kwa jioni, na Joseph Muscat alilazimika kuacha kazi Januari 2020. Robert Abela akachukua nafasi yake.

Tume ya majaji watatu ilisema mwaka 2021 kwamba Dola lenyewe lilibeba lawama, kwa kuacha hali ya kutoazibiwa ienee. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuonya kwamba waziri wa kwanza alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi: majaji, wakubwa wa polisi, wengi walitegemea yeye. Mwaka 2020 sheria ikabadilishwa. Sasa rais na jaji mukuu wanahitaji kura za wabunge theluthi mbili. Lakini safari hii sheria ilibadilishwa kisha mutu kuuawa.

Hata uraia wenyewe uliuzwa. Tangu 2014, tajiri wa inje aliweza kupata paspoti ya Malta kwa mupango ulioanza na mchango wa euro 650,000. Tarehe 29 Aprili 2025, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema uraia si kitu cha kuuza, na mupango huo ukafungwa.

Sababu gani hii inagusa Kivu na Ituri

Desemba 2018, wakaaji wa Beni na Butembo waliona rais anachaguliwa bila kura yao. Ya kwao ilisogezwa mpaka Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapa. Hawahitaji kuelezwa maana ya kura isiyokuwa na uzito. Habari ya Malta inaonyesha kwamba dawa ilipatikana mbele ya siku ya kupiga kura, wakati hakuna aliyejua atakayeshinda, na kwamba kila upande ulitoka na kitu.

Juni 2025, Congo nayo ilichaguliwa kukaa katika Baraza la Usalama kwa miaka 2026 na 2027. Ni inchi inayopita Malta kwa ukubwa mara zaidi ya 7,000. Kule New York, mukono wake unahesabiwa sawa na ule wa Malta: mumoja.